Wageni wa Siku Tatu



Watu wetu wa pwani husafiri sana, lakini ukiwauliza sababu watakutajia arusi, maziko, kumzuru mgonjwa, Maulidi ya Lamu, au Umra kwa aliyejaaliwa. Kusafiri kwa ajili ya kutazama tu, mtu akaondoka kwake na begi na kofia ya jua akaenda kuangalia majumba na misitu, wengi wetu twaliona kuwa ni jambo la wageni wanaoshuka kwenye meli. Kwa hivyo mzee mmoja wa mtaa wetu aliponijia barazani baada ya Alasiri, akaniambia kwamba yeye na mkewe wanakwenda Unguja siku kumi kutembea, nilimuuliza: "Kuna arusi ya nani?" Akacheka, akasema: "Sheikh, mimi nimesomesha watoto historia ya Unguja miaka 35, na Unguja yenyewe nimeiona siku mbili tu, tena msibani."

Nitamwita Mwalimu, na mkewe nitamwita Bi. Mkunga, maana ndiyo kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Wengi wa vijana wa mtaa huu walipokewa na mikono yake. Watoto wao wameoa na kuolewa, kiinua mgongo kimeshagawanywa panapohusika, na kilichobaki walikubaliana wakitumie wangali na miguu ya kutembelea. Nimepewa ruhusa ya kuyasimulia haya, na aliyesisitiza zaidi kwamba yaandikwe ni mama mwenyeji wao, kwa sababu mtakayoiona mbele.

Mwenyeji huyo na Mwalimu ni masahibu wa utotoni. Aliletwa Mombasa akiwa na miaka minne, wazazi wake walipovuka na wengine wengi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Walikaa Kibokoni, wao chini na wazazi wa Mwalimu ghorofani. Watoto hao walisoma chuo kimoja na skuli moja, wakaogelea pamoja nyuma ya Fort Jesus na wakapigwa pamoja kwa kosa hilo. Walioa mwaka mmoja, na wake zao wakapika katika ua mmoja miaka minane, hata mwenyewe alipoamua kurudi kwao. Tangu hapo ni salamu, simu, na kuonana kwenye misiba. Mwaliko wa safari hii ulitoka kwa yule mama. Alipiga simu mara tatu katika mwezi mmoja, na kila mara alisema: "Njooni, msingoje."

Mwalimu ni mtu wa mpango. Alinionyesha daftari lenye orodha: Beit el Ajaib, Ngome Kongwe, soko la watumwa Mkunazini, Hamamni, msikiti wa Kizimkazi, msitu wa Jozani, magofu ya Mtoni, mahamamu ya Kidichi, na kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Kando ya kila jina aliandika siku na saa. Kisha akaniuliza mambo mawili.

La kwanza lilikuwa la Swala. Alidhani kwa kuwa nyumbani kwa sahibu yake atakaa siku tatu tu, kisha ahamie nyumba ya wageni, ataendelea kupunguza Swala siku zote kumi. Nikamwambia nyumba si mji. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, msafiri anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea tangu afikapo, hata akibadilisha kitanda kila usiku. Apunguze njiani, na Unguja aswali kamili.

La pili lilikuwa la ugeni. Hapo nilimkumbusha alichotufundisha Mtume (S.A.W.), kwamba ugeni ni siku tatu na kinachozidi ni sadaka, na nikamtajia jembe ambalo wahenga wetu wamemwekea mgeni aliyekawia. Yeye alikuwa ameshalifikiria. Alikuwa amelipia kwa simu chumba katika nyumba ya wageni huko Malindi, kuanzia siku ya nne. Nilimsifu. Nilikuwa na haraka ya darasa ya Magharibi, sikumalizia maneno yaliyobaki katika mafundisho hayo, na mtaona yalivyonirudia.

Walipanda basi la alfajiri, wakapita Lunga Lunga na Horohoro, wakagonga pasi zao, wakalala Dar es Salaam kwa jamaa, na asubuhi wakapanda boti. Bahari ilikuwa shwari kwa kaskazi. Bi. Mkunga alibeba achari ya ndimu, mabuyu ya rangi kwa wajukuu wa nyumba ile, na leso jozi mbili, ambazo wenzetu wa huko huziita kanga. Kina mama mtaelewa nikisema kwamba alizichagua leso zile siku nzima kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa chini, asije akapeleka jina likafahamika visivyo.

Nyumba iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zilizosimama kama za minazi. Walipokewa kwa wali wa nazi, mchuzi wa nguru na boga la nazi. Wazee wawili walikumbatiana wakalizana, na jioni yote ikawa ni Kibokoni. Mwenyeji aliwataja majirani nyumba kwa nyumba, aliyeuza kahawa, aliyefuga kima, aliyekuwa akiwamwagia maji wakipiga kelele. Mwalimu aliniambia kwamba usiku ule alilala akiona haya, kwa kuwa yeye aliyebaki Mombasa hakukumbuka hata nusu ya aliyoyakumbuka mwenzake.

Siku ya pili walitoka wote wanne, na mjukuu wa kiume wa miaka 12 akafuatana nao. Mama mwenyeji alisema ni wa kubeba maji.

Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lililokuwa la kwanza kisiwani kutiwa taa za umeme, walilikuta limezingirwa na uzio. Sehemu yake moja iliporomoka Desemba 2020 wakati likitengenezwa, na watu wakapoteza maisha yao. Wenyeji walisimama upande wa bahari, na mzee mwenyeji akasimulia kwa ufundi mkubwa aliyoyapata kwa baba yake: kwamba watu wa mashamba walikuwa wakija usiku kwa miguu kutazama taa, na bibi mmoja akavua viatu akidhani ni pahala pa ibada. Wote wakacheka. Wakaingia Ngome Kongwe, na hapo ikawa zamu ya Mwalimu. Aliwaeleza kwamba ngome hiyo na yetu zina udugu wa aina yake: yetu Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698, na wakati huohuo wa mwisho wa karne ya 17 Waomani wakaanza kuijenga hii ya Unguja wao wenyewe, wakihofia Mreno asirudi. Alipomaliza, mwenyeji akasimulia habari ya bibi aliyevua viatu. Mkewe akacheka kama aliyeisikia mara ya kwanza. Bi. Mkunga alimtazama.

Mkunazini walikaa sana. Soko la watumwa la mahali hapo lilifungwa mwaka 1873, na juu yake Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Uani kuna sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, shingoni wana mnyororo. Kwa maoni yangu kila familia yetu iendayo Unguja ipite hapo na watoto, wala tusijifanye kwamba halituhusu. Katika walionunua na kuuza humo walikuwamo watu wa dini yetu, na katika waliouzwa wamo mababu zetu. Bi. Mkunga hakusema neno mpaka walipotoka barabarani.

Wakati wa kurudi, mzee mwenyeji alitangulia mbele, mkono nyuma, kama mtu anayekwenda kwake. Walipofika penye njia tatu, hatua chache na nyumba yake mwenyewe, alisimama. Aliutazama uchochoro mmoja, kisha mwingine. Mjukuu akamshika kidole, akasema polepole: "Babu, huku." Mwalimu akalichukulia kuwa ni jua. Bi. Mkunga hakulichukulia hivyo, kwani usiku wa kwanza alipoamka kwenda msalani alimkuta mama mwenyeji amelala juu ya mkeka penye mlango wa ngazi, na ufunguo umefungwa katika pindo la kanga yake. Alipomuuliza, aliambiwa ni joto.

Siku ya tatu wanaume wawili na mjukuu walikodi gari wakaenda kusini. Jozani waliwaona kima punju, wale wekundu wa mgongo wenye nywele nyeupe za kusimama usoni, ambao asili yao ni kisiwa hiki tu, wakiruka juu ya vichwa vya watu bila ya kujali. Kizimkazi waliswali Adhuhuri katika msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107 wa hesabu ya kawaida. Mwalimu alikuwa ameuandika mwaka huo ubaoni mara zisizohesabika, na siku hiyo akauona umechongwa katika jiwe. Kwa nje jengo ni dogo na la kawaida kabisa, bati juu, mtu anaweza kulipita. Aliniambia alitamani awe na darasa zima nyuma yake.

Ndani ya gari, wakirudi, sahibu yake akamuuliza: "Yakhe, na mama hajambo?"

Mama yake Mwalimu amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, na sahibu huyu alivuka bahari akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Mwalimu akajibu kama mtu anavyojibu: "Allah amrehemu." Mwenzake akashtuka. Akauliza amefariki lini, na kwa nini yeye hakuarifiwa, yeye aliyekula chakula chake kuliko hata wanawe. Akalia kilio cha mtu aliyefikiwa na habari sasa hivi. Dereva akapunguza mwendo. Mtoto akawa anamkanda babu yake mkono. Walipoingia mjini alikuwa ameshasahau kinachomliza, lakini macho yalikuwa bado mekundu, akayapangusa na kulalamika juu ya vumbi la barabara.

Nyumbani, mambo yalikuwa yameshasemwa. Wanawake wawili walibaki peke yao jikoni, na Bi. Mkunga, aliyezoea kuwauliza watu mambo mazito huku mikono ikiwa na kazi, aliuliza huku akikuna nazi: "Dada, tangu lini?" Mama mwenyeji akaweka mwiko chini. Ni mwaka wa pili. Kwanza zilikuwa funguo na miwani, kisha rakaa, kisha njia ya kurudi kutoka sokoni. Mara mbili ameletwa na watu usiku. Watoto wake wa kuzaa, mmoja Dar na mwingine palepale Unguja, hajawaambia kwa ukamilifu. Majirani wengine wamesema ni husuda, wengine ni jini la nyumba. Yeye amefunga mlango na kunyamaza, kwa kumsitiri mumewe.

"Watu wa hapa humsalimu wakapita, hawajui," alisema. "Lakini jina analolitaja usiku ni la mumeo. Nikasema waje, kabla hajawasahau na wao. Kesho mnahama. Nami sina uso wa kusema bakini, maana ugeni ni wenu, na mmekuja kutembea."

Usiku huo masanduku yalikuwa yameshafungwa. Mwalimu alimwambia mkewe kwamba sasa ndiyo kabisa lazima wahame, nyumba ina mgonjwa, mama yule amechoka, nao wanaongeza sahani na mashuka ya kufua. Na Sheikh alisema siku tatu. Mkewe akamjibu: "Sheikh hakuwako jikoni."

Akanipigia simu baada ya Isha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nakiri kwamba nilipata aibu, kwani nilikuwa nimempa mtu hesabu bila ya kumpa sababu ya hesabu. Katika mafundisho yaleyale ya siku tatu, Mtume (S.A.W.) ameongeza kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Na katika Suratul Ahzab walilaumiwa waliokula nyumbani kwa Mtume kisha wakabaki wakizungumza, yeye akaona haya kuwaondoa. Kote huko kinachotazamwa ni hali ya mwenye nyumba. Nikamuuliza: "Mkihama kesho, yule mama atapumua au atazama?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Basi kaeni, lakini msikae kama wageni."

Kukaa huko ndiko nilikotaka kuwasimulia hasa, kwa kuwa wengi wetu huingia nyumba zenye mgonjwa tukatoa pole, tukanywa chai tuliyopikiwa na mtu asiyelala, tukaondoka tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Chumba cha Malindi walikiacha, na arubuni ikapotea. Usiku uliofuata Mwalimu alilala chumba kimoja na sahibu yake, na Bi. Mkunga akauchukua ule mkeka wa mlangoni pamoja na ufunguo. Mama mwenyeji alilala kuanzia Isha, akaamshwa kwa Alfajiri, akaswali, akalala tena mpaka jua likapanda. Alipoamka aliona haya kama aliyefanya kosa. Siku mbili baadaye alikwenda Bububu kwa dada yake akashinda huko kutwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Idi.

La gharama lilihitaji busara, kwani mzee yule hata katika kusahau kwake hakusahau kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na mgeni kununua samaki mbele yake ni kumvunjia heshima. Mwalimu akawa anatoka asubuhi kwenda Darajani, kwa madai kwamba anapenda kutazama mnada wa samaki, na mtalii haulizwi. Alirudi na changu, au pweza, au fungu la dagaa, akisema ameshindwa kujizuia, bei imemvutia. Mchele na mafuta vilipandishwa ngazi wakati wa Swala ya Adhuhuri. Naona hii ni sadaka ya akili nyingi kuliko kumwekea mtu noti chini ya sahani, ambayo atakayeiokota huenda akaona amepewa malipo ya wali.

Ama kutembea hakukuachwa, bali kulibadilika. Bi. Mkunga alijua kwa kazi yake kwamba maradhi haya, ambayo madaktari huyaita dimensia, hula ya karibuni kwanza na kuyaacha ya zamani mpaka mwisho, na kwamba mgonjwa hutulia akizoeshwa njia moja na saa moja. Basi kila siku baada ya chai walipita njia ileile: Kiponda, chini mpaka Malindi kwenye msikiti wenye mnara wa mviringo, kisha Jaws Corner kwa kahawa, kisha Forodhani mbele ya Beit el Ajaib. Na kila siku habari ya bibi aliyevua viatu ikasimuliwa. Siku za mwanzo Mwalimu alikuwa akisema, "Ulishanieleza, bwana," na uso wa mwenzake ukafifia. Mkewe akamkataza. Pia alimkataza lile swali ambalo sote tunalipenda tunapowaingilia wazee wetu, "Unanijua mimi nani?" kana kwamba tumekuja kusahihisha mtihani. Jitaje jina lako, kaa, na uanze wewe. Baada ya hapo Mwalimu akawa yeye mwenyewe ndiye anayeuliza mbele ya uzio, "Ati hizi taa watu walikuwa wakizifanyaje?" na mzee akaanza, na vijana wa kahawa wakajifunza kungoja panapochekesha.

Msidhani kwamba mtu huyu ni malaika. Amenung'unika mbele yangu kwamba alikuwa umbali wa daladala moja na mahamamu ya Kidichi, aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850, asiyaone. Na Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, alipita kwa gari tu. Na kobe wa Changuu, walioletwa zamani kutoka Ushelisheli, aliwaona kwenye picha ya duka. Asubuhi moja alitoroka nusu saa akaenda Hamamni peke yake, akatembea katika vyumba vile vya mawe mbiombio kama mwizi, na akarudi akamkuta sahibu yake amesimama dirishani anamwita kwa jina. Aliniuliza kama ana dhambi. Nikamwambia hana, na kwamba anayeuguza naye ana haki ya nusu saa yake.

Bi. Mkunga ndiye aliyeshikilia suala la daktari. Mwanamke mmoja wa jengo lile alikuwa amependekeza mganga wa Pemba. Nami nilipoulizwa kwa simu nilisema ninalosema hapa: kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, nami husoma kila niombwapo, lakini kisomo hakikatazi kipimo. Kuna kusahau kunakotokana na tezi la shingo, au upungufu wa vitamini, au huzuni kubwa, na hayo yana tiba yake. Mtu akifungiwa ndani kwa kumsitiri, huenda akanyimwa dawa iliyokuwapo. Na Mtume wetu (S.A.W.) aliomba kinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri dhaifu, hakuna aliyesema kuwa kufikishwa huko ni fedheha ya mtu au ya nyumba yake.

Walimpeleka hospitali siku ya nane, wote wanne na mtoto mkubwa wa kiume, ambaye siku hiyo ndiyo aliyoambiwa yote. Haikuonekana sababu yenye tiba ya kumponya. Daktari alisema ni maradhi yale yenyewe, akawapa dawa ya usingizi wa usiku na maelekezo. Kwa mama mwenyeji kilichobadilika ni kimoja, nacho si kidogo: mwana sasa analala kwao siku nne za wiki, na ufunguo uko mikononi mwake. Ndiye mama huyo aliyeniambia kwa simu: "Sheikh, iandike. Wapo wenzangu huko Mombasa wamelala mlangoni na hawasemi."

Waliagana bandarini. Mzee aliuliza mara tatu boti ni ya saa ngapi, na ilipong'oa nanga alikuwa akiwapungia watu wote waliokuwa sitaha, mmoja baada ya mmoja.

Sasa Mwalimu humpigia simu kila siku baada ya Alasiri, akiwa papa hapa barazani petu, akajitenga kidogo upande wa mwarobaini. Huanza kwa kujitaja jina. Siku nyingine hueleweka, siku nyingine sivyo. Lakini swali halikosekani: "Na mama hajambo?" Juma lililopita alinijia na mashaka. Akisema amefariki, mwenzake hulia upya kama ndani ya lile gari, na akisema hajambo atakuwa amesema uongo kila siku, tena kwa mama yake mwenyewe. Tulilizungumza mpaka adhana. Nilimweleza kwamba wanavyuoni wanaruhusu neno la kweli lenye njia mbili, linapokuwa la kumwondolea mtu maumivu bila ya kumdhulumu mwingine, na tukalitafuta neno hilo pamoja.

Sasa hujibu: "Yuko pazuri, inshallah." Na mwenzake husema: "Msalimie."